Maswali na Majibu: Kwa Baiskeli Katika Pwani ya Tanga, Pangani na Bagamoyo

Barua za mwezi huu zimekuja kutoka pande nyingi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtu mwenye baiskeli ya kawaida na siku chache za mapumziko apite wapi katika mwambao wa kaskazini mwa Tanzania, na apiteje. Tumezijibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wa hapa Makorora tumezoea kuendesha baiskeli kila Jumapili alfajiri hadi Pongwe na kurudi. Sasa tunataka kwenda Pangani, tulale usiku mmoja, kisha turudi nyumbani. Ramani ya simu inatuonyesha njia mbili, moja ya pwani na nyingine ya kuzunguka Muheza. Tufuate ipi? — *Msomaji, Makorora, Tanga*

Jibu: Ndugu zetu wa Makorora, pitieni zote mbili, moja kwa kwenda na nyingine kwa kurudi, na mnachotakiwa kuamua ni mnaanza na ipi. Kwa njia ya pwani, kutoka Tanga hadi Pangani ni takriban kilomita 50. Kutoka Pangani kwenda Muheza kupitia Boza ni kilomita 40 na ushee. Na kutoka Muheza kurudi mjini kwa barabara kuu hazizidi 40. Mzunguko wote ni kama kilomita 130, ambazo watu waliozoea kwenda Pongwe wanaweza kuzimaliza kwa siku mbili bila kujiumiza, mradi wasizihesabu kilomita za vumbi kuwa sawa na za lami. Saa moja ya lami inaweza kuwa saa mbili za mchanga, na ramani ya simu haijui tofauti hiyo.

Cha kuwaongoza ni upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo anayeelekea kusini kwa njia ya pwani huwa nao mgongoni. Katika miezi hiyo tangulieni Pangani kwa pwani na mrudi kwa Muheza, ambako minazi na michungwa huukata upepo. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, geuzeni mzunguko: siku ya kwanza nendeni Muheza halafu mteremke Pangani, na siku ya pili mrudi kwa pwani huku upepo ukiwasukuma. Muheza iko kama mita 200 juu ya usawa wa bahari, hivyo kipande cha kwenda Pangani, ingawa kina vilima vyake vya kupanda na kushuka, kwa jumla kinawashusha.

Barabara ya pwani imekuwa katika ujenzi wa lami, ikiwa ni sehemu ya barabara ndefu iliyokusudiwa kuiunganisha Tanga na Bagamoyo kupitia Pangani. Kwa mwendesha baiskeli, lami hiyo ni neema yenye masharti. Ilipokamilika, mtu ananyonga baiskeli kwa raha ambayo zamani haikuwapo, lakini magari nayo yameongeza mwendo, na dereva aliyezoea kukwepa mashimo sasa hana sababu ya kupunguza kasi. Kwenye michepuko ya ujenzi mtakutana na kokoto zilizomwagwa bila kushindiliwa, na hapo ni afadhali kushuka na kuikokota baiskeli hatua chache kuliko kuanguka mbele ya lori la mchanga.

Msiipite njia hiyo kama watu wanaofukuzwa. Kiasi cha kilomita 17 kutoka mjini, upande wa kushoto mkielekea Pangani, kuna njia ya kuingia Tongoni, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40. Vasco da Gama na watu wake waliipita pwani hii mwaka 1498, na mwanzoni mwa 1499, wakiwa njiani kurudi Ureno, waliichoma moto moja ya meli zao karibu na hapa kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuziendesha zote. Mbele zaidi ni Kigombe, kijiji cha wavuvi ambacho bahari yake imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka duniani tangu zama za dinosaria. Hapo ndipo pa kunywa chai na kula mihogo.

Kipande ambacho hatukisifu ni Muheza–Tanga. Kina lami nzuri, lakini ndiko yanakopita malori ya saruji, ya bandarini na ya machungwa, na pembezoni mwa lami mara nyingi kuna ngema ya kimo cha kiganja ambayo tairi likishuka halipandi tena kirahisi. Kipiteni mapema asubuhi, mmoja nyuma ya mwingine, na msikipite kabisa jioni jua likiwa machoni mwa madereva.

Swali: Bwana Mhariri, ninaishi Kibaha. Nimeona kwenye ramani kwamba kutoka Pangani mtu anaweza kuendelea kusini kupitia Mkwaja na Saadani hadi Bagamoyo bila kugusa barabara kuu. Je, njia hii inapitika kwa baiskeli, na ni kweli kwamba kuna wanyama? — *Msomaji, Kibaha*

Jibu: Ni kweli kwamba kuna wanyama, na ndiyo maana jibu letu linagawanyika katikati ya njia.

Kutoka Pangani hadi Mkwaja ni safari tunayoipendekeza kwa moyo wote. Unavuka Mto Pangani kwenda Bweni. Kivuko ndicho kilichokuwa kikivusha watu na magari miaka yote wakati daraja lenye urefu wa mita 525 likijengwa, na baiskeli huingia pamoja na waenda kwa miguu. Mto huo unaanzia Kilimanjaro na Meru, na hapo mlangoni maji yake ya kahawia huonekana yakisukumana na ya bahari. Ng'ambo unaingia katika nchi ya minazi na mkonge. Shamba la Kikogwe liko upande huo, na ndiko mkonge wa nchi hii ulikoanzia: mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasafirishwa kupitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kila mstari wa mkonge utakaoupita kuanzia hapo una asili yake katika miche hiyo.

Kati ya Bweni na Mkwaja barabara ni ya udongo, nyekundu mahali pengine na ya mchanga mahali pengine, na mashamba ya mkonge yana njia zake za ndani ambazo ni tambarare, zimenyooka na hazina magari. Omba ruhusa kwa mlinzi unapokutana na kizuizi, kwa kuwa hizo ni njia za shamba. Mara nyingi utapata ruhusa na maelekezo pia. Ushongo iko takriban kilomita 15 kusini mwa Pangani na ina nyumba za wageni za bei mbalimbali. Kipumbwi inafuata, na majahazi yake hubeba mizigo kwenda Zanzibar.

Baada ya Mkwaja unaikaribia Hifadhi ya Taifa ya Saadani, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na hapo baiskeli inakoma kuwa chombo cha kufaa. Humo mna simba, nyati na tembo, na mtoni Wami mna viboko na mamba. Mtu wa ndani ya gari akimkuta nyati njiani husimama na kusubiri. Mtu wa baiskeli hana pa kusubiria. Zaidi ya hatari hiyo, hifadhi za taifa zina taratibu na ada zake, wala si njia za kupita kwa hiari ya msafiri. Usijaribu kuingia kwa vichochoro vya wavuvi kwa sababu tu mtu wa kijijini amekwambia kwamba yeye hupita kila siku. Yeye anajua tembo walilala wapi jana, wewe hujui. Ukitaka kuendelea, fika langoni, ueleze safari yako, ukubaliane na mwenye gari akupitishe wewe na baiskeli hadi upande wa pili, na ulipie kama mgeni mwingine yeyote.

Kama gari halipatikani, rudi Muheza kwa Boza, upande basi hadi Msata baiskeli ikiwa kwenye buti, ushuke hapo. Tunasema basi kwa makusudi. Kutoka Segera hadi Msata ni zaidi ya kilomita 100 za barabara kuu ya Chalinze, zenye mabasi ya mikoani yanayokimbizana na muda, na hatuoni raha wala faida ya kuzinyonga. Msata hadi Bagamoyo, kwa upande mwingine, ni kilomita 64 za lami zilizo tulivu kuliko barabara kuu, nazo zinapita Kiwangwa, nchi ya mananasi, kabla ya kuvuka Mto Ruvu na kuteremka hadi baharini. Nanasi la Kiwangwa likimenywa na kukatwa hapo hapo kando ya barabara linamtosha mtu na mwenzake, na visu vya wauzaji ni vikali kuliko vyako.

Swali: Mheshimiwa, mimi ni mwalimu na likizo zangu ni za Juni na Desemba tu. Ipi inafaa zaidi kwa safari ya pwani? Wenzangu wananiambia Juni bado kuna matope. — *Mwalimu, Korogwe*

Jibu: Mwalimu, wenzako wamesema kweli, ila ukweli huo unahusu mwanzo wa Juni. Masika ya mwambao wa Tanga huanza Machi na kufikia kilele Aprili na Mei, na ardhi huhitaji wiki kadhaa za jua kabla ya kukauka. Udongo mwekundu hukauka haraka. Ule mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana mabondeni, hukaa na maji muda mrefu na hujaza nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ukiukuta katika hali hiyo, usilazimishe, kwa maana unachokata ni giya ya nyuma. Toa tope kwa kijiti, ubebe baiskeli begani, upite.

Chagua wiki mbili za mwisho za likizo ya Juni. Hewa imepoa, vumbi bado halijakuwa jingi, na machungwa ya Muheza yameanza kuwa tele. Desemba ina mvua za vuli zinazoishia, joto linapanda, na kaskazi ndiyo kwanza inaanza; safari inawezekana, lakini jua la saa 6 mchana ni kali na kivuli njiani si kingi. Kwa kuwa unatoka Korogwe na kusi litakuwa limekolea, panda basi hadi Muheza, unyonge hadi Pangani, ulale, kisha uende Tanga kwa pwani, na ukitoka Tanga urudi Korogwe kwa basi. Ukiipanga kinyume chake, utakuwa na upepo usoni kilomita zote 50 za pwani, jambo ambalo kwenye nchi tambarare huchosha kuliko mlima, kwa kuwa mlima una kilele na upepo hauna.

Katika mwezi wowote, anza safari kabla jua halijachomoza, ambalo huku huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu asubuhi. Upepo wa bahari huwa umelala saa hizo. Huamka taratibu na kufikia saa 4 au 5 unakuwa umeshika kasi. Aliyetoka Tanga akafika Kigombe wakati huo ameshamaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Swali: Nina baiskeli ya mbio ya mtumba yenye tairi za milimita 25, na ninaipenda sana. Mafundi wa hapa Arusha wananiambia haifai kwa pwani. Je, ninunue nyingine? — *Msomaji, Arusha*

Jibu: Usinunue kwanza. Kwa Tanga–Muheza, Msata–Bagamoyo na Horohoro–Tanga, ambazo ni lami tupu, baiskeli yako inafaa kama ilivyo, ingawa tungekushauri uweke tairi za milimita 28 kama fremu na breki zinaruhusu. Kwa Boza, Mkwaja na njia zote za mkonge haifai, na sababu yake haina uhusiano na uimara wa baiskeli: tairi jembamba huzama kwenye mchanga, na kwenye rasta za barabara ya udongo, yaani yale makunyanzi yanayojipanga kama bati, humpiga mwendeshaji viganja na kiuno mpaka anashindwa kushika usukani sawasawa. Kwa njia hizo tafuta kuazima au kukodi baiskeli yenye tairi za milimita 40 au zaidi, na ujaze upepo kwa kiasi: kwa mtu wa kilo 70 na tairi la milimita 40, pauni 40 za upepo (psi) zinatosha. Watu wengi hujaza mpaka tairi linalia kama jiwe, wakidhani ndiyo wepesi. Kwenye changarawe tairi la namna hiyo huruka-ruka na kupoteza nguvu za miguu.

Kuna jambo dogo linalokwamisha wengi wenye baiskeli za mbio wanapofika vijijini, nalo ni valvu. Tyubu za baiskeli hizo huwa na valvu nyembamba yenye njugu ndogo kichwani inayofunguliwa kwanza kabla ya kujazwa upepo, na pampu za mafundi wengi wa vijijini hazikamati valvu ya aina hiyo. Beba pampu yako mwenyewe, au kile kipande kidogo cha shaba kinachovishwa juu yake ili ikubali pampu ya kawaida. Ni chepesi kuliko sarafu, na bila hicho fundi hodari atakutazama tu. Tyubu za kipimo chako pia usitarajie kuzipata ukishatoka Tanga mjini. Beba mbili, pamoja na viraka, gundi na msasa. Mwenye baiskeli ya milimani ya inchi 26, au Phoenix ya kawaida yenye keria, ana amani zaidi, kwa kuwa kila kijiji kina fundi chini ya mwembe mwenye vipuri vyake.

Pancha za pwani hii zina tabia yake. Jani la mkonge huishia kwenye mwiba mmoja mgumu mweusi, na majani yakikatwa miiba hiyo hubaki njiani. Mwiba ukiingia, ncha yake hukatikia ndani ya mpira na haionekani kwa nje. Mtu akiziba tyubu na kuirudisha bila kukagua, inatoboka tena baada ya mita mia chache, mahali pale pale, na yeye anaanza kuilaumu gundi. Kwa hiyo, kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa laini polepole ndani ya tairi mzunguko mzima; kitakaponasa ndipo ncha ilipo. Usitumie kidole kitupu. Isukume ncha itoke nje kwa ncha ya kisu au ya spoki, ukague mara ya pili, ndipo uvishe tairi.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi na mdogo wangu wa kike tunataka kufanya safari ya Tanga hadi Ushongo. Mama yetu ana wasiwasi juu ya mavazi na mahali pa kulala, na baba mdogo anasema si desturi ya pwani mwanamke kuendesha baiskeli. Tunaomba ushauri. — *Msomaji wa kike, Mbezi, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba, binti yetu. Kwa heshima zote mpelekee baba mdogo salamu, na umwombe siku moja aende Tanga mjini asubuhi ya siku ya kazi asimame kando ya barabara. Atawaona akina mama wa makamo wakiwa na mabaibui yao, vikapu vya sokoni nyuma, wakipita juu ya baiskeli bila mtu kuwageuzia shingo. Tanga ni mji wa baiskeli kuliko miji yetu mingi, kwa wanaume na kwa wanawake.

Juu ya mavazi, mama ana haki ya kuuliza. Suruali za kubana za waendesha baiskeli hazina tatizo mkiwa barabarani mnakwenda, lakini mkishuka kijijini kununua maji au kuomba njia, jifungeni kanga juu yake. Kanga mbili ni nyepesi mkobani na zitawafaa pia kuwa shuka, taulo na kivuli. Mkifika mahali, salimieni kwanza, na kwa mtu mzima shikamoo itangulie kabla ya swali lolote. Msipige picha za watu, hasa wanawake wanaotwanga au wanaotoka kuvua pweza, bila kuwaomba.

Kulala, pangeni nyumba za wageni za Pangani mjini au za Ushongo, na mpige simu mapema. Kama mmebeba hema, msilifunge popote mnapopaona pazuri; pitieni ofisi ya serikali ya kijiji, mjitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, na mtaonyeshwa mahali, aghalabu karibu na nyumba ya mtu mwenye familia, ambako usalama ni mkubwa kuliko wa kufuli lolote. Safari yenu ikiangukia mwezi wa Ramadhani, mama lishe wengi wa vijiji vya mwambao hawapiki mchana. Bebeni chakula chenu, mle faraghani, na jioni msishangae mkikaribishwa futari na watu msiowajua. Mkaribishwapo, kaeni.

Juu ya maji, kila mmoja aanze na lita 2 na ajaze kila apatapo maji salama. Dafu ni kinywaji bora cha njiani, lakini lina chumvi kidogo kuliko ile inayopotea kwa jasho, kwa hiyo lisindikizwe na kitu cha chumvi, hata kama ni mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa chumvi na pilipili. Kwa bahati njema, wauzaji wa vitu hivyo viwili mara nyingi hukaa pamoja.

Swali: Mhariri, sisi ni waendesha baiskeli wa Ukunda, Kaunti ya Kwale. Tunafikiria kuvuka mpaka wa Lungalunga na kwenda Tanga. Barabara iko vipi, na tutahitaji nini mpakani? — *Msomaji, Ukunda, Kenya*

Jibu: Karibuni sana. Kutoka mpakani hadi Tanga ni takriban kilomita 65, zote lami, na magari yake ni machache kuliko ya barabara ya Muheza. Magari ya kwetu hupita kushoto kama ya kwenu, kwa hiyo hakuna cha kujifunza upya. Mtapita Duga Maforoni, Kasera na Mtimbwani, kisha Mabokweni na Amboni. Nchi inapanda na kushuka kwa mawimbi mapana. Hakuna mlima wa kuogopesha, ila mawimbi hayo yakijumlishwa na kusi la usoni yanamaliza miguu, na nyinyi mnaelekea kusini. Kama mnaweza kuchagua, njooni Januari au Februari.

Mpakani huduma za nchi zote mbili hutolewa pamoja, hivyo anayeingia Tanzania humalizia taratibu zake upande wa Horohoro. Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi. Mje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho maofisa wa afya wanaweza kukiuliza. Aliye na risiti ya baiskeli aje nayo, hasa kama baiskeli ni ya thamani, ili wakati wa kurudi kusiwe na mjadala wa imenunuliwa wapi. Badilisheni fedha za kutosha chakula na maji kabla ya kuanza kunyonga, kwa kuwa maduka ya vijijini yanataka shilingi ya Tanzania.

Kabla ya kuingia mjini, kilomita kama 8 hivi, kuna njia ya kuingia Mapango ya Amboni, mapango ya mawe ya chokaa yenye giza na popo wengi. Ndani ni baridi, na baada ya saa nne au tano za jua hiyo peke yake ni sababu ya kulipa kiingilio. Viatu vya baiskeli vyenye chuma chini havifai humo, maana mawe yanateleza. Vaeni raba au ndala ngumu.

Swali: Nimesikia kwamba maji yakipwa mtu anaweza kuendesha baiskeli ufukweni kuelekea Ushongo badala ya barabara ya vumbi. Je, ni kweli? — *Msomaji, Muheza*

Jibu: Kwa vipande, ndiyo. Mchanga ulioachwa na maji muda mfupi uliopita huwa mgumu na tairi pana hupita bila shida, lakini ufuko huo haukuungana wote: unakatizwa na vijito, miamba na mikoko, na mahali pa mikoko pana tope linalomeza mguu mpaka gotini. Nenda na mtu wa hapo au uulize wavuvi kabla ya kutoka. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huenda mbali sana na hurudi kwa kasi, tofauti ya kupwa na kujaa ikipita mita 3. Anza wakati maji yanaendelea kutoka, si yalipokwishafika mwisho, ili uwe na muda wa kurudi barabarani. Kumbuka kwamba saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo saa uliyoambiwa jana si ya leo.

Ukishafika, usiiache baiskeli ilale na chumvi. Imwagie maji baridi ya kisima, taratibu na bila kuelekeza nguvu ya maji kwenye ekseli ambako kuna gololi na grisi, ikaushe kwa kitambaa, kisha upake cheni mafuta tone kwa tone huku ukizungusha pedali kinyume, na ufute yanayozidi. Cheni iliyopitishwa baharini jioni na kuachwa hivyo hivyo, asubuhi utaikuta imeshika kutu nyekundu na viungo vyake vingine havikunjiki.